Maji ya Mvua ya Injinia

Mtaani nyuma ya soko la Kilwa Kivinje hapakuwa na mtu asiyeijua sauti ya gari la Injinia Abdulrahmani. Lilikuwa gari la Kijerumani la mbio, la zamani, rangi ya fedha, milango miwili, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Likiwashwa alfajiri ya Ijumaa lilinguruma chini kwa chini kama simba aliyeshiba. Watu walikwisha kuacha kuliita gari. Waliliita Mjerumani, na habari zake walizitoa kama za jirani: leo Mjerumani katoka, leo Mjerumani kalala. Mwalimu Nasma, mkewe Injinia, aliisikia sauti hiyo akiwa jikoni, na bila ya kuchungulia alijua kama mumewe anaondoka na moyo mweupe au ana jambo linalomkera.

Nasma alisomesha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mji ule walijifunza kushika kalamu mbele yake. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa kale, nyumba ambayo mlango wake ukifungwa, kilichomo ndani hubaki ndani. Mama yake alikuwa akisema kwamba aibu ni kama mafuta ya taa, tone moja tu huharibu mtungi mzima. Maneno hayo hakuyasahau. Akaolewa na mtu wa kufu yake, na alipomzika alimzika kwa heshima.

Injinia alimaliza ujana wake ndani ya vyumba vya injini za meli za mizigo, akarudi na gari alilolinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa amechoka nalo. Wenzake walimwonya. Magari ya namna ile, walisema, yakiwa mapya humtii kila dereva, yakizeeka humtii anayeyajua tu. Naye akayajua. Alijua kwamba kopo la plastiki linalohifadhi maji ya rejeta huwa gumu na jepesi kuvunjika kadiri miaka inavyokwenda, hupasuka siku hujalitegemea, hivyo alilibadilisha kabla halijamtia aibu njiani. Alijua kwamba pampu ya maji ina feni ndogo ya plastiki inayoliwa na joto, akatafuta yenye feni ya chuma. Alijua ile kelele ya mbele ya injini asubuhi, kama njugu zinazotikiswa koponi, haina ubaya wowote, bali oili ikivuja juu na kuingia kwenye plagi, gari hukohoa. Mafundi wa mjini walipotaka kumtolea themostati, kile kizibo kinachoongoza joto la maji, kama wanavyotoa kwenye kila gari kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, aliwafukuza kwa upole. Hakukanyaga mafuta kwa nguvu mpaka oili ipate joto.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa maji. Visima vya Kivinje vina chumvi. Mtu mgeni akinywa hukunja uso, mwenyeji hunywa akaendelea na mazungumzo. Injinia alikuwa ameiona chumvi ikila vyuma vya meli tangu ana miaka ishirini, na hedi ya Mjerumani, kichwa cha injini yake, ni ya aluminiamu, chuma laini kinacholiwa upesi kuliko vyote. Basi alijenga tangi la saruji uani, akaelekeza mifereji ya paa humo, akaweka mfuniko wenye kufuli. Maji ya mvua yale hayakufuliwa nguo wala hayakuoshewa vyombo. Yalichanganywa na dawa ya rejeta, ile ya buluu, yakatiwa kwenye gari. Nasma alipomtania kwamba mke mwenzie anakunywa maji matamu kuliko yeye, Injinia alicheka akamwachia ufunguo. Ukakaa kwenye pindo la kanga yake miaka yote hiyo.

Fundi mmoja tu aliruhusiwa kumgusa Mjerumani. Huyo ni Fidelis, kijana wa Mtama aliyefungua gereji pale njia panda ya Nangurukuru. Kila alipokuja kumwaga maji ya zamani na kutia mapya, Nasma mwenyewe alifungua kufuli na kumkabidhi dumu. Fidelis alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa watu.

Injinia alikufa mwisho wa kiangazi, usingizini, bila ya kumsumbua mtu.

Nasma akaingia eda. Alivaa nguo zake nyeupe, akakaa chumba cha ndani, na shangazi yake Kijakazi akahamia kumtunza na kumwogesha. Wanaume wasio maharimu wake waliongea naye kwa nyuma ya pazia, tena kwa haja. Miezi minne na ushei aliishi kwa masikio. Alijua nani kaja kwa namna anavyovua viatu. Alijua chungu kipi kinachemka. Na alijua nani analiendesha gari.

Aliyeliendesha alikuwa shemeji yake, Suleiman, kaka mkubwa wa marehemu na sasa mkubwa wa nyumba nzima. Mtu wa sala, mkarimu, mcheshi wa barazani, ila katika maisha yake hajapata kufungua boneti ya gari lolote. Wageni wa msiba walikuwa wengi, wengine wametoka Lindi, wengine Mtwara, na Suleiman aliwapokea na kuwarudisha kwa Mjerumani. Aliwapeleka Masoko, akawafikisha Nangurukuru kupanda mabasi. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na furaha ya kuonekana nyuma ya usukani ule nayo ilikuwa ya kweli. Alilikanyaga likiwa bado baridi. Nasma, tasbihi mkononi, alisikia injini ikipiga kelele kabla haijaamka sawasawa, akafumba macho.

Jioni moja gari lilirudi likichemka. Alisikia mvuke ukipiga filimbi na watu wakiambiana wakae mbali. Kijakazi alitoka kuchungulia, akarudi akasema kopo la plastiki limepasuka ubavuni na shemeji anaagiza sabuni ya mche na gundi. Wakaliziba hivyo. Tangu siku hiyo likawa linavuja, na linachovuja lazima kirudishwe. Asubuhi kwa asubuhi Nasma alisikia roda ya kisima ikilia, ndoo ikigonga ukuta wa kisima, kisha kishindo cha boneti kufungwa. Roda, ndoo, boneti. Harufu tamu ya dawa ya rejeta, aliyoizoea dirishani kama udi, ikaondoka. Ikaja harufu ya chumvi iliyochemshwa.

Alivumilia kwa muda, kisha akafungua pindo la kanga, akampa Kijakazi ufunguo. Alimwagiza amwambie shemeji, kwa adabu, kwamba marehemu alikuwa akitia maji ya tangi.

Ilikuwa siku ya khitma na baraza imejaa. Kijakazi alinong'ona, lakini Suleiman alijibu kwa sauti yake ya barazani.

"Mwambie shemeji gari si mgonjwa, halihitaji zamzam."

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani ambacho kila mtu hukitafuta. Kijakazi akarudi na ufunguo. Nasma akaufunga palepale kwenye pindo lake na hakumtuma tena. Angeweza kurudia ujumbe. Angeweza kumwita Suleiman nyuma ya pazia akamweleza kinachotokea aluminiamu inapokutana na chumvi, maana maneno ya mumewe aliyajua kwa ghibu. Lakini mjane aliye edani habishani na mkubwa wa nyumba mbele ya waombolezaji, tena kwa ajili ya gari. Wangesema nini? Wangesema mume hajaoza, mke anahesabia vyuma. Akanyamaza, na roda ikaendelea kulia.

Alipotoka eda, Mjerumani alikuwa hawaki. Alikohoa, akatoa moshi mweupe, akanyamaza. Suleiman alisema gari limemfuata mwenyewe, na wengi waliliona hilo kuwa jambo la kupendeza.

Pengine mambo yangeishia hapo, lau si Maimuna. Maimuna ni binti wa pekee wa Injinia na Nasma, na posa yake ilikuja mara baada ya eda, kutoka kwa watu wazito wa Lindi. Kila bibi harusi wa ukoo ule katika miaka ya karibuni alitoka nyumbani ndani ya Mjerumani, maua ya asumini kwenye boneti, Injinia mwenyewe akiendesha taratibu kuliko anavyoendesha popote. Suleiman, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, aliwaahidi watu wa Lindi kwamba na huyu atatoka vivyo hivyo. Siku wazee wa upande wa mwoaji walipokuja kupanga tarehe, aliagiza pia Fidelis aje kulifufua gari. Alitaka wageni walisikie likiunguruma.

Fidelis alikuwa ameanza tangu asubuhi. Banda la gari limeegemea baraza, hivyo wazee walikaa pale wakinywa kahawa huku wakimtazama anavyofungua. Nasma na Kijakazi walikaa ukumbini, mlango wazi, sinia la halua mbele yao. Kutoka pale Nasma aliuona mgongo wa Fidelis tu, na alijua kwa mgongo ule kwamba mambo si mazuri, maana ulikuwa ukizidi kwenda polepole.

Hatimaye Fidelis alinyanyua hedi, akailaza juu ya gunia. Palipopaswa kuwa laini kama kioo palikuwa pamechimbika kama ubao ulioliwa na mchwa. Njia za maji zilikuwa zimezibwa na ukoko mweupe. Gasketi imeliwa baina ya silinda mbili, maji yakawa yanaingia pasipo pake. Alijifuta mikono, akachukua bolti mojawapo iliyokuwa imeifunga ile hedi, akawaonyesha wazee. Kwenye meno ya bolti ilining'inia aluminiamu iliyonyofoka, imejiviringa kama unyoya.

"Bolti zimetoka na nyama yake," alisema. "Hedi ningeipeleka Dar wakaichonga. Lakini huku chini hakuna tena kitu cha kushika bolti. Hata nikifunga hedi mpya, itaruka siku hiyohiyo. Hili limekwisha, mzee."

Mzee Ridhiwani, baba wa mwoaji, mtu mwembamba mwenye kofia ya vito, aliinama kutazama. Aliuliza ni kitu gani kinachoweza kula chuma namna ile.

"Chumvi," alisema Fidelis. "Limenyweshwa maji ya chumvi, tena si mara moja." Akageuka, na swali lake hakulielekeza barazani. Alilielekeza mlangoni. "Ni nani alikuwa akitia maji ya kisima?"

Suleiman aliweka kikombe chini. Huenda alikumbuka zamzam yake, huenda hakuikumbuka. Nasma hakupata kujua hata baadaye, wala hakuuliza. Alichokiona ni mtu mzima mbele ya wakwe wapya, jasho limemtoka puani, akitafuta mahali pa kukanyaga.

"Marehemu," alisema Suleiman. "Alikuwa akitia ya hapahapa kisimani. Mimi nilikuwa nikimwambia, lakini mbishi yule, Mungu amrehemu."

Mzee Ridhiwani akatikisa kichwa kwa huruma. "Injinia wa meli," akasema, "kaponea baharini, kaja kuuliwa gari na chumvi ya kisimani." Wakacheka kidogo, bila ya ubaya.

Kijakazi alivuta pumzi ya kusema. Nasma akamshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka bibi yule akamtazama kwa mshangao.

Aliyapima yote kwa muda usiozidi wa kumeza mate. Akisema ni Suleiman, amemvua nguo mkubwa wa nyumba mbele ya watu waliokuja kuomba binti, na walii aliyeumbuliwa kwa uwongo hawezi kupanga ndoa siku hiyo, wala watu wa Lindi hawataoa katika nyumba ambayo mjane humkana shemejiye hadharani. Akisema ni yeye, watamwuliza lini, kwa maana mumewe akiwa hai hakupata kufungua boneti, na mumewe akiwa kaburini alikuwa edani. Mjane aliyetoka nje kushika ndoo na kusimama barabarani penye gari amevunja eda. Neno hilo lingemfuata Maimuna kwa wakwe zake mpaka kwa wajukuu. Ilibaki njia moja, na katika njia hiyo aliyelala alikuwa mtu asiyeweza kujitetea.

Fidelis alikuwa bado amesimama, uso mlangoni, bolti mkononi. Alikuwa amelipokea dumu kutoka mikononi mwa Nasma mwaka hadi mwaka.

"Mwalimu?" aliita, kwa sauti ya mwanafunzi anayeomba asahihishwe.

"Mkubwa wa nyumba ameshasema, Fidelis," alijibu Nasma. "Kahawa yako itapoa."

Wakaendelea na tarehe. Ikakubaliwa. Halua ilisifiwa.

Maimuna aliolewa, na alitoka nyumbani ndani ya gari la kukodi lenye utepe wa bandia. Alikuwa mzuri na alilia kama inavyotakiwa. Mama yake alisimama mlangoni, mgongo umenyooka, akapokea pongezi za watu wote, na hakuna aliyeona kitu usoni pake. Mumewe Maimuna alikuwa kijana mwema. Hapo hapakuwa na la kulalamikia.

Ila maneno ya barazani hayakai barazani. Katika muda mfupi mji mzima ulijua kwamba Injinia Abdulrahmani, pamoja na kujitapa kwake na injini za meli, ndiye aliyelinywesha gari lake chumvi mpaka likafa. Madereva wa stendi walipomwona mwenzao akichota kisimani walimwambia, "Haya, Injinia, taratibu." Wanafunzi wa zamani wa Nasma walimwamkia sokoni kwa shikamoo iliyojaa huruma, mmoja akadiriki kumfariji kwamba kila fundi ana siku yake ya kukosea. Aliitikia marahaba, akaendelea kuchagua nyanya. Usiku hakulia. Alikuwa akilala akisikiliza alfajiri ya Ijumaa inavyopambazuka bila ya sauti yoyote, na ilimjia kwamba watu wangemsahau Injinia taratibu kama wanavyosahauliwa wafu wote, lakini sasa hawatamsahau, watamkumbuka kwa hilo.

Suleiman alizidi kumwendea kwa wema. Alimletea samaki, akamletea mchele. Hakulitaja gari. Mara moja tu, akitoka, alisimama kwenye kizingiti kana kwamba ana neno, akavaa viatu vyake, akaenda.

Nasma alipoamua kwamba Mjerumani aondoke, hakumwuliza mtu. Alimwita Fidelis aje kulichukua akalitumie kwa spea, kitasa hiki kwa gari hili, taa ile kwa lile. Fidelis alikuja na pikapu na mnyororo. Alisalimu shikamoo, akazunguka gari, akarudi mlangoni akiwa amevua kofia.

"Mwalimu, mimi najua alikuwa akitia maji gani," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiulizwa gereji nitasema. Hata nisipoulizwa."

Nasma alimtazama kijana huyu wa Mtama, asiyekuwa wa dini yake wala wa ukoo wake, ambaye alikuwa ameshika mkononi kitu pekee alichokitamani tangu siku ile ya barazani, jina safi la mumewe. Alihitaji kuitikia kwa kichwa tu.

"Hujui kitu, Fidelis," alisema. "Ukisema wewe, umesema mkubwa wetu ni mwongo, na mwanangu yuko kwa watu. Marehemu alikupenda. Usimlipe kwa kuivunja nyumba yake."

Fidelis alibaki akiikunja kofia. Kisha akasema sawa, mwalimu, akaenda kufunga mnyororo.

Mjerumani alivutwa mchana kweupe, maana pikapu haikuwa na nafasi wakati mwingine. Akapitishwa sokoni, akapitishwa stendi, boneti wazi na ndani patupu. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mwingine alitoa mzaha wa chumvi na watu wakaupokea. Nasma aliusikia mzaha wote mpaka mwisho, kwa sababu hakufunga dirisha. Kufunga dirisha kungekuwa kusema kitu.

Vuli ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule, na tangi la uani limejaa pomoni. Kijakazi alikuwa ameshusha beseni la nguo chafu, anaelekea kisimani. Nasma alifungua pindo la kanga yake, akautoa ufunguo, akamwambia afulie maji ya tangi.

"Ya Injinia?" aliuliza Kijakazi.

"Ni maji tu, shangazi," alisema Nasma. "Yatatoa povu zuri."